Ndege ya Seremala

Tarehe 15 Machi 1941, marubani wa Kikosi cha 3 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini waliuvamia uwanja wa ndege wa Diredawa, mashariki ya Ethiopia, uliokuwa bado mikononi mwa Waitalia. Ndege ya kiongozi wao, Kapteni John Frost, ikapigwa kutoka chini. Hakuweza kwenda mbali. Akatua kwenye kiwanja kidogo cha jirani, nacho kikiwa cha adui. Luteni Bob Kershaw alipoona mkubwa wake amebaki peke yake chini, akashuka kumfuata. Akatua chini ya risasi, akasimama karibu na Frost, na wawili hao wakajibana katika chumba kilichopimwa kwa mtu mmoja: mmoja kitini, mwingine juu ya mapaja yake. Mmoja akashika usukani, mwingine akashughulikia magurudumu na flapu. Wakaruka, wakarudi kambini salama, na Kershaw akatunukiwa nishani ya DSO, ambayo maluteni huipata kwa nadra sana.

Ndege ile ilikuwa Hawker Hurricane. Ujasiri wa Kershaw hauna mjadala, ila peke yake usingetosha. Messerschmitt 109 ya Wajerumani ilisimama juu ya magurudumu yaliyokaribiana mno, na marubani wengi waliivunja wakati wa kuruka au kutua hata pasipo na vita. Spitfire nayo ilikuwa na ugonjwa huohuo, japo si kwa kiwango kile. Hurricane ilitanua miguu. Magurudumu yake yalijikunja kwa ndani, yakielekea tumboni, kwa hiyo yalipokunjuliwa yalikaa mbalimbali. Na bawa lake lilikuwa nene, lenye kubeba mzigo bila kunung'unika. Ilikuwa ndege ya kutua porini na kuondoka porini.

Sura hii ni utetezi wa ndege iliyokuwa ya pili. Ya pili kwa kasi, ya pili kwa umbo, na hadi leo ya pili katika filamu, stempu na vikombe vya ukumbusho. Ninaamini kwamba Uingereza ya mwaka 1940 ilisimama kwa sababu ilikuwa na ndege iliyoundwa kwa ufundi ambao mafundi wake walikwisha kuujua, kwa zana ambazo tayari zilikuwa karakanani. Wataalamu wa wakati ule walipouita ufundi huo wa kizamani hawakukosea. Walichokosa kuona ni faida yake.

Aliyeibuni, Sydney Camm, alizaliwa Windsor mwaka 1893, mtoto wa kwanza kati ya kumi na wawili wa fundi seremala. Shule hakuimaliza kwa vyeti vikubwa, alijifunza useremala. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha kuunda ndege za mfano pale Windsor, na mwaka 1914 alipopata kazi katika kampuni ya Martinsyde huko Brooklands, aliajiriwa kama seremala. Uhandisi aliusoma mwenyewe, usiku. Mwaka 1923 akaingia Hawker, na miaka miwili baadaye akawa mbunifu mkuu. Wachoraji waliofanya kazi chini yake walimkumbuka kwa ulimi mkali: angesimama nyuma ya meza ya mtu, akitazama mchoro kimya, kisha akasema neno moja la kuufuta mchana mzima wa kazi. Walimwogopa, lakini wengi hawakuondoka.

Jambo kubwa la kwanza la Camm, alilolifanya na meneja wa kiwanda Fred Sigrist, lilihusu kiungo. Wakati huo viwanda vya ndege vilikuwa vinaacha mbao na kuhamia kwenye chuma, na swali lilikuwa: mabomba ya chuma utayaunganishaje? Wengine walichomelea. Hawker walichukua bomba la mviringo, wakaligandamiza ncha zake mpaka zikawa za mraba, kisha wakazifunga kwenye mabamba bapa kwa boliti. Bila kuchomelea hata kidogo. Msomaji aliyewahi kukaa gereji ataelewa maana yake mara moja: kilichofungwa kwa boliti kinafunguliwa kwa spana. Bomba likipinda, unalitoa lile moja, unaweka jingine.

Kwa njia hiyo Camm alitengeneza ndege za mabawa mawiliwili zilizopendwa mno na marubani, Hart na Fury, kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1930 sehemu kubwa ya ndege za jeshi la anga la Uingereza, RAF, zilikuwa zimetoka kwenye meza yake. Fury ilikuwa ndege ya kwanza ya kikosi cha RAF kuvuka kilomita 320 kwa saa. Na ilikuwa tayari imefika mwisho wa njia. Bawa la juu, nguzo na nyaya za kulishikilia vilikula kasi yote ambayo injini mpya ingeweza kuleta.

Mwaka 1933 Camm akaanza kuchora Fury isiyo na bawa la juu. Rolls-Royce walikuwa na injini mpya ya silinda kumi na mbili, iliyokuja kuitwa Merlin, na mchoro ukapanuliwa kuipokea. Hapo ndipo njia zilipoachana. Kule Supermarine, R. J. Mitchell alikuwa akiiumba Spitfire kwa mtindo mpya kabisa, ambapo ganda la alumini lenyewe ndilo linalobeba nguvu za ndege. Camm aliujua mtindo huo. Akauacha. Alijua kiwanda chake kina watu gani.

Kwa hiyo ukiivua Hurricane nguo zake unakuta vitu vitatu. Ndani kabisa kuna kiunzi cha mabomba ya chuma na alumini, kilichofungwa kwa boliti na kukazwa kwa nyaya. Juu yake kuna mbavu na fito za mbao zinazoipa ndege umbo la mviringo. Na juu ya mbao, kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani, kuna kitambaa cha kitani kilichoshonwa na kupakwa dawa ya kukikaza hadi kikavutika kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Hata mabawa ya zile za kwanza yalifunikwa kwa kitambaa. Ya bati yalikuja mwaka 1939, vita vikikaribia. Pangaboi la mwanzo lilikuwa la mbao, lenye makafi mawili tu.

Ilipaa mara ya kwanza Brooklands, tarehe 6 Novemba 1935, mikononi mwa George Bulman, miezi minne kabla ya Spitfire. Katika majaribio ya RAF ilifikia kilomita 507 kwa saa. Leo namba hiyo haitishi, lakini vikosi vilivyokuja kuipokea vilikuwa vikirusha ndege za mabawa mawiliwili na rubani aliyekaa wazi kwenye upepo. Februari 1938, kiongozi wa kikosi cha kwanza kupewa Hurricane, John Gillan, alisafiri kutoka Edinburgh hadi Northolt, nje ya London, kwa dakika 48, akiwa na wastani wa zaidi ya kilomita 650 kwa saa. Magazeti yakashangilia. Upepo mkali uliokuwa ukimsukuma mgongoni ulitajwa kwa sauti ya chini, na wenzake wakambandika jina la upepo huo maisha yake yote yaliyobaki.

Kuhusu silaha kuna kisa ambacho kwa miongo mingi kilibaki ndani ya familia moja. Ndege za kabla yake zilibeba bunduki mbili, pengine nne. Katika Wizara ya Anga walikuwapo maofisa, Ralph Sorley akiwa mmojawapo, waliohoji: ndege zikienda kasi hivi, rubani atakuwa na adui mbele ya shabaha kwa muda gani? Sekunde mbili, labda. Risasi ngapi zitahitajika katika sekunde hizo mbili ili ndege ya bati ianguke? Kapteni Fred Hill, mtaalamu wa mambo ya risasi wizarani humo, alikuwa na takwimu nyingi na muda mchache. Akazipeleka nyumbani. Mwaka 1934, mezani jikoni, yeye na binti yake Hazel wa miaka kumi na mitatu, hodari wa hesabu, walikaa wakapiga hesabu na kuchora grafu kwa mashine za kukokotolea za wakati ule. Jibu lilikuwa bunduki nane, na kila moja itoe si chini ya risasi elfu moja kwa dakika. Wakubwa wengine waliona nane ni wendawazimu. Hazel Hill alikuja kuwa daktari, na umma ukausikia mchango wake kwa upana mwaka 2020, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Bawa nene la Camm lilizimeza bunduki nane za Browning kwa urahisi, nne kila upande, zikiwa zimepangwa pamoja. Spitfire, kwa bawa lake jembamba, ililazimika kuzitawanya. Hilo lilimpa mpiganaji wa Hurricane jukwaa tulivu la kulengea, na likampa fundi wa silaha chini kazi nyepesi: anafungua milango michache, anaingiza mikanda ya risasi, anafunga. Risasi zenyewe zilimtosha rubani kwa kama sekunde kumi na tano tu za kufyatua. Baada ya hapo ni kurudi nyumbani.

Lakini ninaloliona kuwa uamuzi mkubwa kuliko yote halikuwa la kiufundi. Machi 1936, wakurugenzi wa Hawker chini ya Tom Sopwith waliamua kuandaa michoro, zana na vifaa vya kutengeneza ndege elfu moja, huku serikali ikiwa haijaagiza hata moja nje ya ile ya majaribio. Wangeweza kufilisika. Oda ya ndege 600 ilikuja Juni, miezi mitatu baadaye. Miezi hiyo mitatu inaonekana midogo mpaka uipime upande wa pili: vita vilipotangazwa Septemba 1939, Hurricane karibu 500 zilikwisha kukabidhiwa, wakati Spitfire, ambayo ganda lake liliwatesa mafundi wasiolizoea, ilikuwa bado nyuma sana. Hukadiriwa kwamba Hurricane moja ilihitaji takriban theluthi mbili ya saa za kazi za Spitfire moja.

Mei 1940 Wajerumani walipoivunja Ufaransa, Hurricane ndizo zilizotumwa kule, Spitfire zilihifadhiwa. Zilipotea mamia katika wiki chache, nyingine zikichomwa na wenyewe uwanjani kwa sababu hapakuwa na muda wa kubadili gurudumu. Serikali ya Ufaransa iliomba zaidi, na Churchill alitaka kuwapa. Hugh Dowding, mkuu wa ndege za ulinzi, mtu mkavu asiyependwa na wanasiasa, aliandika barua tarehe 16 Mei akieleza kwamba vikosi vikiendelea kumwagwa kule, Uingereza yenyewe itaanguka, kabisa na bila kurudi. Ni miongoni mwa barua chache za kijeshi ambazo unaweza kusema zilibadili mkondo wa karne.

Kisha yakaja Mapigano ya Uingereza, Julai hadi Oktoba 1940. Katika miezi hiyo Hurricane zilikuwa karibu theluthi mbili ya ndege za Dowding, na ndizo zilizoangusha ndege nyingi za adui kuliko ulinzi mwingine wote ukijumlishwa. Kwa nadharia kazi iligawanywa: Spitfire ziwashughulikie Messerschmitt juu, Hurricane ziwavae walipuaji chini. Kwa vitendo rubani alipigana na aliyekuwa mbele yake. Hurricane ilizidiwa mwendo na Messerschmitt 109, na kila aliyeirusha alijua; ila ilikata kona kwa kubana zaidi, na mara nyingi kona ndiyo iliyookoa maisha.

Wapolandi wa Kikosi cha 303, waliokwisha kupoteza nchi yao na kisha kuiona Ufaransa nayo ikianguka, walipewa Hurricane pale Northolt. Waingereza waliwashuku, Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha. Waliingia vitani siku ya mwisho ya Agosti, na katika wiki sita walidai ndege 126. Hata wakipunguziwa kwa sababu madai ya angani huzidi ukweli siku zote, hakuna kikosi cha Hurricane kilichowapita. Miongoni mwao alikuwamo Josef František, Mcheki asiyependa kupangwa mstarini, aliyedai kumi na saba kabla ya kufa mwanzoni mwa Oktoba.

Wajerumani walioangushwa mara nyingi walisisitiza kwamba wameangushwa na Spitfire. Ilikuwa fedheha kwao kukiri jina jingine. Nadhani hadi leo ulimwengu umeendelea kuwakubalia.

Sasa urekebishaji, ambao vitabu vingi huupita haraka. Jioni ya siku ya mapigano, uwanja wa ndege ulijaa Hurricane zilizotobolewa. Kombora dogo la mzinga wa Kijerumani lilitengenezwa lilipuke likigonga bati. Likigonga kitambaa, mara nyingi lilipenya upande mmoja na kutokea upande wa pili. Fundi wa kikosi alikagua mabomba, akabadili lililokatika, akashona kiraka, akapaka dawa, na asubuhi ndege iko kwenye foleni. Kuifanyia Spitfire vivyo hivyo kulihitaji fundi bati mwenye uzoefu, na mara nyingi ililazimu ndege ipakiwe lori na kurudishwa kiwandani. Kwa zilizoumia zaidi, Lord Beaverbrook, tajiri wa magazeti aliyepewa wizara mpya ya uzalishaji wa ndege, alisukuma mtandao wa karakana za kiraia kwa ukali uliowakasirisha wengi. Takriban theluthi moja ya ndege zilizopelekwa kwa vikosi vya Dowding wakati wa mapigano hazikuwa mpya: zilikuwa majeruhi waliopona.

Utetezi wangu una mahali unaponisuta. Hurricane iliunguza watu.

Petroli yake ilikaa katika matangi mawili kwenye mashina ya mabawa, na tangi la tatu lilikuwa mbele ya rubani, kati ya magoti yake na injini. Hapakuwa na ukuta wa maana kumtenga na matangi ya mabawa, na nyuma yake kulikuwa na kitambaa na mbao. Risasi moja ya moto ikipata mahali pake, chumba cha rubani kiligeuka tanuri kwa sekunde. Tarehe 16 Agosti 1940, karibu na Southampton, James Nicolson wa Kikosi cha 249 alipigwa, tangi likashika moto, akawa anajiandaa kuruka na mwavuli alipoona ndege ya adui mbele yake. Akarudi kitini ndani ya moto, akaifyatulia, ndipo akaruka. Alipokuwa akining'inia hewani, mgambo wa Kiingereza waliokuwa chini walimpiga risasi wakidhani ni Mjerumani. Alipona, akapewa Msalaba wa Victoria, wa pekee uliotolewa kwa rubani wa ndege za ulinzi katika vita vyote.

Wengi hawakupewa nishani. Walipewa kitanda huko East Grinstead, kusini ya London, katika wodi ya Archibald McIndoe, daktari wa upasuaji kutoka New Zealand. Vikosi vilikuwa na jina la majeraha yale, na jina lenyewe lilikuwa la ndege. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri zaidi, akaacha dawa za kukausha ngozi zilizotumika hospitali nyingine na kuanza kuwaogesha majeruhi katika maji ya chumvi. Aliruhusu bia wodini, akawataka watu wa mji wasiwakodolee macho vijana wake. Mwaka 1941 wagonjwa wakaanzisha klabu yao na kujiita wanyama wa majaribio. Kufikia mwisho wa vita walikuwa 649, wengi wakiwa wamerudi kutoka katika ndege za aina nyingine pia. Mmoja wa waanzilishi, Tom Gleave, alikuwa ameungulia ndani ya Hurricane mwishoni mwa Agosti 1940. Tangi la mbele lilikuja kupakwa mpira wa kujiziba, na bamba likawekwa kumkinga rubani. Yalikuwa marekebisho ambayo yangeweza kufanywa kabla, na hapo seremala wetu na wizara iliyomwagiza hawana pa kujificha.

Afrika Mashariki iliijua Hurricane mapema. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, ndege zake zilikuwa Ethiopia na Somalia, na siku chache baadaye Wajir ikapigwa mabomu. Oktoba mwaka uleule hata Malindi ilipigwa. Ulinzi wa Kenya angani uliachiwa zaidi Waafrika Kusini, waliokuja na Hurricane chache pamoja na Fury zilizokongoka, kwa hiyo kwenye viwanja vya mavumbi vya Garissa na Archer's Post ungeweza kuziona kazi mbili za Camm zikisimama pamoja, ya mabawa mawiliwili na ya bawa moja. Joto lilichemsha maji ya injini. Mchanga uliingia kila mahali. Marubani walikuwa Wazungu watupu. Jeshi lao halikuruhusu vingine. Chini yao, askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka nchi zetu walikuwa wakisonga kwa malori na kwa miguu: Mogadishu ikaangukia mikononi mwao na wenzao Februari 1941, Addis Ababa mwanzoni mwa Aprili. Kisa cha Diredawa kilitokea katikati ya mwendo huo. Frost hakuishi kuona vita vikiisha. Alipotea Afrika Kaskazini Juni 1942 na hakupatikana.

Siku hizohizo kijana mrefu aliyekuwa karani wa kampuni ya Shell huko Dar es Salaam alikuwa akijifunza Hurricane nchini Misri. Roald Dahl alikuja Tanganyika mwaka 1938. Vita vilipoanza alipewa askari wa KAR na kuamriwa awazuie Wajerumani wasiikimbie Dar kwa barabara. Kisha akaendesha gari hadi Nairobi kujiunga na RAF, akafunzwa kurusha Tiger Moth juu ya tambarare zilizojaa wanyama. Aprili 1941 alitumwa Ugiriki akiwa na saa chache mno za Hurricane. Tarehe 20, kati ya Athens na bahari, kundi dogo la Hurricane, zote zilizobaki katika eneo lile, lilikutana na ndege za Kijerumani zisizohesabika. Siku hiyo alikufa kiongozi wao, Pat Pattle wa Afrika Kusini, ambaye wanahistoria wengi humhesabu kuwa bingwa wa marubani wa RAF katika vita vile. Dahl alirudi chini mzima. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Going Solo, hakuwasamehe waliowapeleka pale.

Wakati huo ndege ya seremala ilikuwa ikitengenezwa pia na watu wa reli. Canadian Car and Foundry ya Fort William, Ontario, ilikuwa kampuni ya mabehewa. Mhandisi wake mkuu wa ndege, Elsie MacGill, alikuwa amepata polio mwaka 1929 akiwa mwanafunzi. Madaktari walimwambia atakaa kwenye kiti cha magurudumu, naye akajifunza upya kutembea kwa mkongojo. Hurricane ya kwanza ya Kanada ilipaa Januari 1940, na kiwanda kikatoa zaidi ya 1,400, sehemu kubwa ya mafundi wakiwa wanawake ambao miezi michache kabla hawakuwahi kushika msumari wa ndege. MacGill alibuni hata toleo la baridi, lenye skii mahali pa magurudumu. Mwaka 1942 alitolewa kwenye kitabu cha katuni kama malkia wa Hurricane, jambo ambalo sidhani Camm aliwahi kulipata.

Nyumbani Uingereza mwanamke mwingine alitibu ugonjwa wa Merlin. Rubani akisukuma pua chini ghafla, kabureta ilikatiza petroli na injini ikakohoa, huku Mjerumani, ambaye injini yake ilipulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda, akipiga mbizi na kutoweka. Beatrice Shilling, mhandisi wa Farnborough na dereva hodari wa mashindano ya pikipiki, alitengeneza kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli. Mwaka 1941 alizunguka vituo kwa pikipiki yake kusimamia kipande hicho kikifungwa.

Kufikia hapo Hurricane ilikuwa imepitwa. Ila ilikataa kustaafu, kwa sababu kiunzi chake kilikubali kila ulichokifunga. Ilifungwa juu ya meli za mizigo na kurushwa kwa roketi katikati ya Atlantiki. Rubani akimaliza kazi alijitosa baharini karibu na meli na kuomba aonekane. Ilifungwa mizinga miwili ya milimita 40 chini ya mabawa ikavunja vifaru jangwani. Karibu 3,000 zilipelekwa Urusi, na Warusi, waliodharau bunduki zake ndogo, wakaweka zao. Katika misitu ya Burma ilibeba mabomu kwa ajili ya Jeshi la Kumi na Nne, ambalo ndani yake Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na matope, wakiwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland.

Ya mwisho, namba PZ865, ilitoka kiwandani Langley mwaka 1944. Zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 14,000. Camm hakuacha kuchora: Typhoon, Tempest, kisha Hunter ya jeti, ambayo Kenya ilinunua chache katikati ya miaka ya 1970, na mwisho ile ndege ya kupaa wima iliyozaa Harrier. Alifariki mwaka 1966, akicheza gofu.

Leo RAF inarusha Hurricane mbili katika kikosi chake cha kumbukumbu, huko Coningsby. Moja ni ile PZ865. Nyingine, LF363, ilifeli injini Septemba 1991, ikaanguka uwanjani Wittering na kuungua; rubani alitoka akiwa na majeraha. Kilichobaki kilikuwa majivu na mabomba, na hapakuwa na fedha za kuijenga upya. Kikosi kilikuwa na Spitfire kadhaa. Wakachagua moja, PS853, wakaiuza, na kwa fedha hizo LF363 ikarudi angani mwaka 1998.